Unizike Wewe

Katika miji ya Sham, kuanzia Halab hadi Haifa, mama anayemvisha mwanawe viatu vya shule humwambia neno ambalo mgeni akielezwa maana yake hushtuka: tu'burni. Unizike. Anaomba kwamba siku ya mazishi itakapofika, atakayelazwa kaburini awe yeye, na atakayetupia udongo awe huyu mtoto aliyesimama mbele yake na kamasi puani. Asije akaishi hata siku moja bila yeye. Hulisema huku anacheka, anamfinya mashavu, anamlazimisha tonge la mwisho. Muuza mboga humwambia hivyo mtoto wa mteja wake. Shangazi aliye ng'ambo hulirudia kwenye simu mpaka salio likwishe.

Nimelifikiria sana neno hili, na bado sijakutana na tamko jingine la mapenzi lililo zito namna hii na likazoeleka namna hii kwa wakati mmoja. Ndani yake hamna sifa ya uzuri wala maelezo ya hali ya moyo. Anayelisema haombi kupendwa. Anaomba mpangilio wa vifo. Ni dua, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi Waarabu wanavyoambiana mapenzi: akikupenda, anakuombea.

Ukizisikiliza lahaja zao kwa sikio hilo, utazikuta dua zimetapakaa kila mahali. Sinia likitua mkekani, wageni humwombea mpishi mikono yake isalimike, naye huwaombea siha juu ya siha. Fundi aliye juu ya ngazi hapitwi kimya. Anayepita chini humwombea afya na nguvu, na fundi hujibu bila kugeuka. Kijana anayeinuka kwenye kiti cha kinyozi, shingo bado ina poda, huambiwa na watu asiowajua waliokaa kusubiri zamu: na'iman, iwe neema kwako. Kabla hajajitazama vizuri kwenye kioo, inampasa awajibu kwamba Mungu awaneemeshe na wao. Huko Iraki mtu anayetaka kupewa maji huweza kuanza kwa kujitoa fidia kwa ajili yako, fidwa, kisha ndipo aseme anachotaka. Kwa jambo dogo kama bilauri ya maji, ametaja roho yake.

Kila dua ina jibu lake, na jibu hilo ni wajibu. Mtoto hulijua kabla hajajua kusoma. Qurani yenyewe, katika sura ya An-Nisaa aya ya 86, inaagiza kwamba mtu akisalimiwa arudishe salamu iliyo bora zaidi, au walau iliyo sawa nayo. Wamisri wameichukua ruhusa ya "bora zaidi" wakaifanyia karamu. Mmoja akisema asubuhi ya heri, mwenzake humrudishia asubuhi ya nuru. Akiingia wa tatu huja na asubuhi ya yasmini, na wa nne, hasa akiwa mtu wa mitaa ya watu wa kawaida ya Kairo, huwamaliza wote kwa asubuhi ya malai. Duka limefunguliwa tu, chai haijachemka, na tayari watu wanne wamepandishiana heri kana kwamba wako kwenye mnada.

Wapo wanaosema haya ni maneno matupu, kwamba anayemwita kila mtu habibi hampendi yeyote. Siwakubalii. Neno "amin" nalo husemwa na mamilioni kila siku na wengi wao mawazo yako mbali. Halijawa tupu kwa hilo. Dua haihitaji anayeiomba awe ametetemeka moyo. Inahitaji isemwe. Jamii iliyojizoesha kumwombea heri mtu baki anayetoka kunyolewa imejiwekea akiba: siku ambayo moyo utataka kusema kweli, ulimi utakuwa umekwisha kujua njia.

Jambo linalonivutia zaidi liko ndani ya nyumba. Katika nchi nyingi za Kiarabu, baba humwita binti yake "baba". Mama humwita mwanawe wa kiume "mama". Mjomba humwita mpwa wake kwa cheo kile kile ambacho mpwa humwita yeye. Njoo ule, baba. Vaa sweta, mama, nje kuna baridi. Na anayeambiwa ni mtoto wa miaka mitatu. Msomaji wa Mwambao atadhani anaijua desturi hii, maana nasi binti zetu tunawaita mama na wavulana tunawaita baba. Lakini sisi tunatazama nyuma, kwa bibi na babu ambao watoto wamechukua majina yao; ndiyo maana babu wa Kiswahili huweza kumwita mjukuu wake "mke wangu" na nyumba nzima ikacheka. Mwarabu yeye hampi mtoto nafasi ya marehemu yeyote. Anamvisha cheo chake mwenyewe, kama anayevua joho akamfunika nalo mtoto aliyesinzia. Mimi ni baba, na ubaba wangu wote ni wako, kiasi kwamba hata jina lake nakuachia.

Kuna kisa katika hadithi sahihi kinachoonyesha ukale wa tabia hii ya kuwavisha watoto majina ya wakubwa. Mtume Muhammad alikuwa akiitembelea nyumba moja ya Madina yenye mtoto mdogo aliyefuga ndege. Ndege akafa, mtoto akahuzunika. Mtume alimwita mtoto yule Abu Umayr, yaani kwa lakabu ya mtu mzima mwenye mwana, akamwuliza habari za ndege wake. Lakabu na jina la ndege vilifuatana vina. Mtu mwenye dola mikononi alitafuta kina cha shairi kwa ajili ya mtoto aliyefiwa na ndege. Mwingine, al-Aqra' bin Habis, chifu wa kabila la Tamim, alimwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Aliambiwa kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Al-Aqra' hakuwa mtu katili. Alisema kile ambacho wanaume wengi wa jangwani waliona ni ada ya mwanamume.

Kisha kuna ini. Mtoto kwa Waarabu ni kipande cha ini la mzazi, na Ghuba na Iraki mtu huweza kumwita ampendaye ini lake bila kuonekana anasema ajabu. Wenye nyonga mkalia ini hatuna la kushangaa hapo.

Narudi kwenye tu'burni, kwa sababu ni dua ambayo historia ya karibuni imeikataa mara nyingi mno. Tangu vita vilipoanza Syria mwaka 2011, mama baada ya mama amesimama kwenye kaburi la yule aliyemwomba amzike. Mnamo Novemba 2023, huko Gaza, babu mmoja mwenye kilemba na ndevu nyeupe alipigwa picha akimuaga mjukuu wake wa kike aliyeuawa katika shambulio la anga. Alimpakata, akamfumbua jicho kwa kidole, akalibusu, akamwita roho ya roho. Hakuwa akisoma shairi. Alisema neno alilokuwa akimwita mtoto yule kila siku, alipokuwa akimrusha hewani na mtoto akimvuta ndevu. Dunia iliyojifunza neno lile siku ile ililipokea kama maombolezo, kwa kuwa haikuwapo lilipokuwa neno la kuchezea. Desemba 2024 babu yule naye aliuawa. Ninapoulizwa kwa nini mtu apoteze maneno mazito kwa mambo mepesi ya kila siku, humkumbuka yeye: neno lilikuwa tayari kinywani kwa sababu lilikuwa limetumika.

Hiyo ndiyo mali ya hadharani, na ni nyingi. Sasa mwulize mwanamume huyo huyo, aliyekuita mpenzi wake mara saba tangu uingie dukani kwake, jina la mke wake. Pengine atakuambia "mama wa Muhammad". Pengine atasema "watu wa nyumbani", kama wasemavyo wazee wetu. Katika sehemu nyingi jina la mke, na hata la mama, halitajwi mbele ya wanaume wa nje, na kijana anayelitangaza huonekana ameivunjia nyumba stara. Kinywa kinachomwaga maneno ya mahaba kwa kinyozi na dereva wa teksi hufungwa pale pale panapohusika yule mmoja.

Mzizi wa desturi hii ni mrefu. Visa vya jangwani vya karne ya saba vinasimulia habari za Qays bin al-Mulawwah wa Banu Amir na binti wa kabila lake, Layla. Wengi wanajua kwamba aliitwa majnuni, kwamba alitangatanga na wanyama wa mwituni. Wachache hukumbuka alichokosea. Alimtaja. Alimshairi kwa jina lake, mashairi yakaenea, na kwa desturi ya wakati ule baba aliyemwoza binti yake kwa aliyekwisha kumwimba mbele za watu alikuwa kama anakiri kwamba kuna jambo lilitangulia. Ubeti uliombeba Layla hadi masikioni mwa Waarabu wote ndio uliomfungia Qays mlango wa nyumba yao. Jamil wa Banu Udhra alipatwa na masaibu hayo hayo kwa Buthayna. Washairi waliokuja nyuma waliokota funzo: ukitaka kumpata, usimtaje.

Kwa hiyo sanaa yote ya mapenzi ya Kiarabu ilijifunza kuficha mahali ambapo inapaza sauti. Katika nyimbo, mpendwa husemeshwa kwa sarufi ya mwanamume hata kama mwimbaji ni mwanamume na kila msikilizaji anajua anayeimbiwa ni mwanamke. Umm Kulthum alipopanda jukwaani Kairo, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na redio ikamrusha kuanzia Maghribi hadi Ghuba, alikuwa mwanamke anayeimba mbele ya umma wote tamaa, kusubiri, kuachwa na kurudiwa. Angeweza kurudia sentensi moja mara nyingi, kila mara kwa sauti tofauti, na ukumbi ukalipuka. Hapakuwa na jina. Kila mtu alitia jina lake mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu mume na mke waliokuwa hawajawahi kuambiana "nakupenda" waliweza kukaa chumba kimoja kuisikiliza redio hiyo, wakaambiwa yote, bila mmoja wao kufungua mdomo.

Zanzibar waliielewa lugha hiyo mapema. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilianza kwa kuimba Kiarabu kwa mtindo wa Misri, na hata taarabu ilipohamia Kiswahili haikuacha kumfunika mpendwa kwa ua, kwa njiwa, kwa chombo baharini. Aliyetungiwa alijijua. Wengine walitunza kwa noti na kukisia.

Mtu aliyeiandika vizuri kuliko wote hali hii ya kuona bila kusema alikuwa mwanachuoni wa sheria. Ibn Hazm alizaliwa Córdoba mwaka 994, mtoto wa waziri, akalelewa na wanawake wa nyumbani kwao; ndio waliomfundisha Qurani na mashairi na mwandiko, na mwenyewe anakiri kwamba siri za wanawake alizijua kwa kuishi kati yao. Mji wake ulipobomolewa na fitina za kugombea ukhalifa, alikimbia, na akiwa Játiva aliandika kwa ombi la rafiki kitabu juu ya mapenzi, Tawq al-Hamama, kola ya njiwa. Imebaki nakala moja tu ya mkono duniani, iko Leiden. Kina sura 30: dalili za mapenzi, kupenda kwa kusikia habari tu, ishara za macho, barua, mjumbe, kufichua siri, utengano, kifo.

Ndani yake amesimulia habari za msichana mtumwa aliyekulia nyumbani kwao, mwenye umri wa miaka 16, mpole, mchache wa maneno, mpigaji udi hodari. Siku moja kulikuwa na hafla, wanawake wakapanda mahali pa juu penye madirisha ya kutazama bustani na mji. Ibn Hazm, kijana, akajisogeza kwenye dirisha alilosimama msichana. Msichana akahamia dirisha jingine. Akamfuata, akahama tena. Wenzake hawakutambua, kwa kuwa watu wote walikuwa wakihama dirisha hadi dirisha kutafuta mandhari. Baadaye walishuka bustanini, mabibi wakamwomba bibi aliyemmiliki msichana amwamuru aimbe. Akaimba, na Ibn Hazm anasema kwamba kila mdundo wa udi ulipiga juu ya moyo wake, na siku ile haikumtoka mpaka alipokuwa akiandika. Hakupata kwake zaidi ya hapo. Miaka ikapita, baba akafa, nyumba ikasambaratika. Aliporudi Córdoba alimwona tena, na hakumtambua mpaka alipoambiwa ni yeye; ukosefu wa mlinzi na taabu ya kujitafutia vilikuwa vimemkausha.

Ninaipenda sura hiyo kwa sababu ya madirisha. Ila kuna jambo halinipi raha ndani yake: msichana hana jina. Ni mtumwa, anaimba akiamriwa, na kukataa kwake kote ni kule kuhama dirisha. Faqihi aliyeandika kwa upole mwingi hivyo hakutuachia jina la aliyempa kisa hiki. Ukiutazama mlolongo mzima wa fasihi hii, unaona gharama ya kuficha imelipwa zaidi na wanawake. Aliyeficha aliitwa mstahimilivu, aliyefichwa alipotea. Na pale ambapo jina lilitajwa, kama la Layla, aliyeozwa kwa mtu mwingine alikuwa Layla.

Karne ya ishirini ilimleta mtu aliyelibeba jambo hili kama deni. Nizar Qabbani wa Damascus alisimulia kwamba dada yake, Wisal, alijiua kwa kuzuiwa kuolewa na ampendaye, na kwamba kifo kile kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya awe mshairi wa mapenzi. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1944 na kuwaudhi wahafidhina wa mji wake. Alikuwa mwanadiplomasia, aliishi Kairo, London, Beijing, Madrid. Kote huko aliandika kwa Kiarabu chepesi ambacho msichana wa shule aliweza kukinakili daftarini. Baghdad alimpenda mwalimu wa Kiiraki, Balqis al-Rawi. Walioana mwaka 1969. Tarehe 15 Desemba 1981 ubalozi wa Iraki mjini Beirut ulilipuliwa kwa bomu, na Balqis, aliyekuwa akifanya kazi humo, akafa chini ya kifusi. Nizar akaandika shairi refu la hasira na kilio, akawalaumu Waarabu wote, na juu yake akaweka kichwa cha neno moja: Balqis.

Jina la mke. Likachapwa, likauzwa vibandani, likasomwa kwenye redio. Mila iliyomwadhibu Qays kwa jina la Layla ilimwacha Nizar alitaje jina la mkewe alipokuwa amekwisha kufa, na huo ni uhuru wenye kasoro, kwa kuwa mwanamke wa kwanza kabisa aliyepaswa kulisikia hakulisikia.

Wanaotetea ukimya kati ya mume na mke huutetea mara nyingi kwa jina la dini. Hapo nataka kuwarejesha kwenye dini yenyewe. Amr bin al-As, kamanda mjanja ambaye baadaye aliifungua Misri, alirudi kutoka safari ya kijeshi ya Dhat al-Salasil akiwa na matumaini ya kusikia jambo zuri juu yake. Akamwuliza Mtume: ni nani unayempenda zaidi ya watu wote? Mtume akajibu, Aisha. Amr akasema, namaanisha katika wanaume. Akajibiwa, baba yake. Hata Abu Bakr, sahibu wa pangoni, alitajwa kwa kuunganishwa na binti yake. Amr akaendelea kuuliza, majina yakaendelea kutajwa, mpaka akanyamaza kwa kuhofu asije akawa wa mwisho. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Mwulizaji alikuwa mwanamume wa nje, mkuu wa jeshi, na jibu lilikuwa jina la mke, bila lakabu, bila "watu wa nyumbani". Na nyumbani alimfupishia jina hilo kwa mahaba, akamwita Aish.

Katika Sunan ya Abu Dawud kuna kisa kingine, kifupi. Mtu mmoja alikuwa ameketi na Mtume, mwingine akapita. Aliyeketi akasema: ninampenda yule. Akaulizwa: umemwambia? Akasema hapana. Akaamrishwa amwambie. Basi akainuka, akamfuata yule mpita njia mpaka akamfikia, akamwambia kwamba anampenda kwa ajili ya Mungu. Naye akamjibu kwa kumwombea apendwe na huyo ambaye kwa ajili yake amempenda. Agizo hili wanaume wa Kiislamu wanalitekeleza vizuri kati yao. Nimelisikia likisemwa misikitini, kwenye viwanja vya ndege, mwishoni mwa simu za biashara, na jibu lake likafuata bila kukosewa hata herufi. Mke anayesubiri nyumbani huku chakula kikipoa, ambaye mumewe amewaambia wanaume watatu siku hiyo kwamba anawapenda, hajatolewa na mtu yeyote katika agizo hilo, na nyumba haiko mbali kama alivyokuwa yule mpita njia.